Uwazi Nao Una Uzito: Maandishi ya Video na Safari Yake Kutoka Programu Hadi Programu

Kila mhariri wa video amewahi kukutana na kile kisanduku cheusi. Umetengenezewa majina ya maharusi kwa herufi za dhahabu zinazojiandika polepole. Kwenye kompyuta ya mtengenezaji umeyaona yamekaa vizuri juu ya picha ya ukumbi. Unatumiwa faili, unaliweka juu ya video yako, na hapo hapo ukumbi, maharusi, wapambe na keki vyote vinamezwa na weusi. Ndani ya weusi huo herufi za dhahabu zinaendelea kujiandika kana kwamba hakuna kilichoharibika.

Mimi yalinikuta usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi. Ilikuwa video ya kwaya, nyimbo nane, kila wimbo na jina lake. Nilipokea mafaili manane, yote MP4, yote na weusi wake. Mtengenezaji alikuwa amelala na simu yake imezimwa. Nilikesha nikitafuta dawa, na dawa niliyoipata iliuondoa weusi ila ikaacha utando mchafu kuzunguka kila herufi. Kazi ikapokelewa, wanakwaya wakafurahi, lakini mimi kila nikiitazama video ile naona ule utando tu.

Tangu hapo nimekuwa nikilifuatilia swali hili: maandishi yanayocheza yatokeje kwenye programu moja bila mandharinyuma, yafike kwenye nyingine yakiwa vilevile? Majibu yanayozunguka mitaani ni mengi na yanagongana. Huyu atakwambia toa MOV. Yule atasema PNG ndiyo kila kitu. Wa tatu atakushauri uweke rangi ya kijani nyuma kisha uifute. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na vipande hivyo haviungani mpaka jambo moja lieleweke: uwazi si kutokuwepo kwa kitu. Uwazi ni taarifa. Kwa kila nukta ya picha lazima mahali fulani paandikwe ni kiasi gani cha nukta ile kinafunika na kiasi gani kinaacha cha chini kionekane. Faili lenye nafasi ya kuiandika taarifa hiyo litaibeba. Faili lisilo na nafasi litaitupa, na litaitupa kimya kimya.

Namba ya nne

Picha ya rangi kwenye kioo imejengwa kwa pikseli, na kila pikseli kwa kawaida ina namba tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha bluu. Namba hizi tatu zinaweza kutaja mamilioni ya rangi, lakini hazina njia ya kusema "hapa hapana kitu". Sifuri tatu zikikutana zinatoa weusi, na weusi ni rangi kama nyingine. Kile kisanduku kilichoifunika kwaya yangu hakikuchorwa na mtu yeyote. Ndicho kilichobaki baada ya taarifa ya uwazi kuondolewa.

Inayohitajika ni namba ya nne, nayo huitwa alfa. Ikiwa sifuri, pikseli haifuniki chochote. Ikiwa moja, inafunika kabisa. Katikati ya hapo ndipo penye kazi yote: ukingo laini wa herufi, kivuli, moshi, mng'ao, herufi inayofifia ikiondoka. Karibu kila kinachofanya maandishi yaonekane yametengenezwa na fundi hukaa kati ya sifuri na moja.

Wazo la kuiweka namba hii pamoja na rangi, kama sehemu kamili ya picha, lilitoka kwa Ed Catmull na Alvy Ray Smith walipokuwa New York Institute of Technology mwaka 1977. Jina la alfa lilitokana na herufi ya Kigiriki iliyotumika kwenye kanuni ya kuchanganya picha mbili. Sababu yao ilikuwa ya kikazi kabisa. Kompyuta za wakati ule zilichukua muda mrefu kuchora umbo moja, na kama umbo lile lilitakiwa kuwekwa juu ya mandharinyuma tofauti, kulichora upya kila mara kulikuwa hasara. Wakaona kwamba wakihifadhi kiwango cha kufunika pamoja na rangi, umbo linachorwa mara moja na kuwekwa juu ya chochote. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm walichapisha kanuni kamili za kuunganisha picha za aina hiyo, na ndizo zinazofanya kazi hadi leo ndani ya programu zetu za uhariri. Mwaka 1996 wote wanne walipewa tuzo ya kiufundi ya Academy ya filamu ya Marekani kwa uvumbuzi wao.

Sinema, hata hivyo, ilikuwa imeshalijua tatizo hili zamani kabla ya kompyuta. Maandishi meupe yalipigwa picha juu ya weusi, kisha mafundi wakatengeneza utepe mwingine wa filamu wenye umbo lilelile kama barakoa. Barakoa ilizuia mwanga usifike pale maandishi yatakapokaa, halafu maandishi yenyewe yakachapwa kwenye nafasi iliyoachwa. Tepe mbili, moja ya rangi na moja ya umbo. Alfa ni barakoa ileile, ila sasa imewekwa ndani ya faili badala ya kusafiri kwenye kopo la pili.

Hesabu yake ni nyepesi, na inafaa kuifuata kwa sababu tutairudia. Chukua pikseli iliyo ukingoni mwa herufi nyeupe. Weupe wake ni 255, alfa yake ni 0.4. Chini yake pana picha ya ukuta wenye mwanga wa 100. Tunachukua asilimia 40 ya 255, ambayo ni 102, tunaongeza asilimia 60 ya 100, ambayo ni 60. Jibu ni 162: kijivu cheupe kinachoiunganisha herufi na ukuta bila jicho kuona mshono. Zidisha tendo hilo mara 2,073,600, kwa kila pikseli ya fremu ya 1920 kwa 1080, kisha mara 25 kwa kila sekunde. Hicho ndicho kinachotokea kila unapoweka jina la mtu chini ya uso wake.

Kwa nini MP4 huitupa

Faili la MP4 tunalolijua wengi hubeba video iliyobanwa kwa kodeki ya H.264. Kodeki hiyo iliundwa kwa ajili ya kumfikishia mtazamaji picha iliyokwisha kukamilika: televisheni, mtandao, simu. Picha iliyokamilika haina haja ya uwazi, kwa sababu hakuna kitakachowekwa chini yake tena. Nyaraka za kiwango cha H.264 zina sehemu ya picha ya ziada ya alfa, ila programu za kawaida za uhariri haziiandiki wala haziisomi. Kwa mhariri matokeo ni yaleyale: ukitoa MP4 ya H.264, namba ya nne imekwenda.

Kinachoumiza ni kwamba programu nyingi hazikuonyi. Utaona viraka vya kijivu na nyeupe vinavyoashiria uwazi kwenye dirisha la kazi, utabonyeza kitufe cha kutoa, upau utajaa hadi mwisho, na faili litatoka bila malalamiko. Aliyefanya kazi hakukosea kuchora. Alikosea chombo, na hakuna aliyemwambia.

GIF nayo huwadanganya wengi. Inakubali uwazi, lakini kwa namna ya ndiyo au hapana: pikseli ama ipo ama haipo. Hakuna 0.4. Ukingo wa herufi unakuwa wa ngazi ngazi, na kivuli laini kinageuka doa gumu. Inatosha kwa vibandiko vya kuchekesha kwenye simu, haitoshi kwa jina la marehemu kwenye video ya kumbukumbu.

Vyombo vinavyobeba alfa

Tuanze na cha zamani na cha kuaminika: mfuatano wa picha za PNG. Kila fremu inakuwa picha moja inayojitegemea, yenye rangi na alfa yake, bila kupoteza chochote katika kubanwa. Maandishi ya sekunde 10 kwa fremu 25 yanakuwa picha 250 ndani ya folda moja, zenye namba zinazofuatana. Karibu kila programu ya uhariri inaweza kuzisoma kama video moja. Kuna faida nyingine ambayo vitabu vya kigeni haviisisitizi, nayo kwetu ni kubwa. Umeme ukikatika ukiwa fremu ya 170, zile 169 zimekwisha kuandikwa na ziko salama. Umeme ukirudi unaanzia ulipoishia. Faili moja la video likikatishwa katikati, mara nyingi halifunguki kabisa, na saa zako tatu zimepotea. Kasoro za PNG ni mbili. Haibebi sauti, kwa hiyo ule mvumo unaoambatana na maandishi utatumwa peke yake. Na folda yenye mamia ya picha ni rahisi kupungukiwa: ikikosekana moja, maandishi yataruka au programu italalamika.

Chombo cha pili ni faili la MOV, na hapa lazima tukomeshe kosa moja linalorudiwa sana. MOV si kodeki. MOV ni kapu. Ndani ya kapu lilelile unaweza kukuta H.264 isiyo na alfa, au ProRes 4444 iliyo nayo. Anayekwambia "nitumie MOV" hajakwambia lolote kuhusu uwazi. ProRes ilitolewa na Apple mwaka 2007, na toleo la 4444 likafuata mwaka 2009. Nne tatu za mwanzo zinasema kwamba taarifa za mwanga na za rangi zimehifadhiwa kwa ukamilifu bila kupunguzwa. Nne ya mwisho ni ya alfa. ProRes 422, hata ile ya ubora wa juu yenye herufi HQ, haina nne ya mwisho. Nimeshuhudia watu wakichagua 422 HQ kwa kuamini kwamba ubora wa juu una kila kitu ndani yake, wakarudi na kisanduku cheusi chenye ubora wa juu.

Uzito wake ukoje? Fremu ya 1920 kwa 1080 yenye namba nne kwa kila pikseli, bila kubanwa, ni kama megabaiti 8.3. Sekunde 10 za fremu 25 zinafika takriban gigabaiti 2. ProRes 4444 katika ukubwa huo hulenga kama megabiti 275 kwa sekunde bila kuhesabu alfa, yaani megabaiti 340 hivi kwa sekunde 10, na maandishi yenye eneo kubwa tupu huweza kuwa mepesi zaidi. MP4 ya megabiti 10 kwa sekunde ingekuwa megabaiti 12 na nusu tu. Tofauti hiyo huwashtua wateja wanaolipia bando. Lakini megabaiti hizo hazikwenda bure: zimebeba rangi kamili na alfa ambayo kubanwa hakukuondoa chochote ndani yake.

Wako ndugu zake pia. DNxHR 444 ya Avid na CineForm zinaweza kubeba alfa, na zimewasaidia sana watumiaji wa Windows. Kodeki ya kizamani iitwayo Animation, ya familia ya QuickTime, bado inaonekana kwenye menyu nyingi. Inabana kwa kuhesabu pikseli zinazofanana zikifuatana, kwa hiyo ni nyepesi kwa maandishi ya rangi moja na nzito mno kukiwa na mng'ao au moshi. Isitoshe, ina ngazi 256 tu kwa kila namba, na mng'ao mpana unaweza kuonyesha mistari kama miduara ya maji.

Kwa matumizi ya mtandaoni na matangazo mubashara, mshindi ni WebM yenye kodeki za VP8 au VP9. Kivinjari cha Chrome kilianza kuonyesha alfa ya WebM mwaka 2013. Mafaili yake ni madogo, na programu ya OBS, inayotumiwa na makanisa na vijana wengi kurusha matukio mubashara, inayapokea vizuri. Udhaifu wake ni kwamba baadhi ya programu za uhariri haziyapokei, na vifaa vya Apple vina njia yao: mwaka 2019 kampuni hiyo ilitambulisha HEVC yenye alfa kwa iPhone na Mac. Anayetaka maandishi yake yaonekane wazi kwenye tovuti kwa watu wote mara nyingi hulazimika kuandaa mafaili mawili.

Utando unaozunguka herufi

Tuseme sasa umepata chombo sahihi. Alfa ipo, kisanduku cheusi hakipo, lakini kuna uzi mweusi mwembamba umezunguka kila herufi nyeupe, kama wanja. Hapa ndipo mafundi wengi wazuri hukwama, kwa sababu wanaamini faili limeharibika. Faili ni zima. Limesomwa vibaya.

Alfa huandikwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni alfa nyoofu, ambayo mafundi huiita streti. Rangi inahifadhiwa kama ilivyo, nayo alfa inakaa pembeni ikisubiri kutumika. Pikseli yetu ya ukingoni itaandikwa 255, pembeni 0.4. Ya pili ni alfa iliyozidishwa kabla, inayojulikana kama primaltiplaidi. Hapa rangi imekwisha kuzidishwa na alfa wakati wa kuandika, kwa hiyo pikseli ileile itaandikwa 102, pembeni 0.4. Porter na Duff waliipendelea hii ya pili kwa sababu inarahisisha hesabu. Picha za PNG, kwa kanuni zake, hutumia ile nyoofu. Programu ya After Effects hukuachia uchague mwenyewe wakati wa kutoa faili.

Zote mbili ni sahihi, mradi msomaji ajue anasoma ipi. Faili la alfa iliyozidishwa likisomwa kama nyoofu, programu itachukua 102 na kuizidisha tena kwa 0.4. Itapata karibu 41, itaongeza 60 ya ukuta, na jibu litakuwa 101 badala ya 162. Ukingo uliopaswa kuwa na mwanga umekuwa na giza. Huo ndio wanja. Ukigeuza kosa, ukasoma alfa nyoofu kana kwamba imezidishwa, programu itachukua 255 nzima na kuongeza 60. Inapata 315, na kwa kuwa mwisho ni 255, ukingo unaungua kuwa weupe mkali wenye ngazi. Herufi inaonekana imenenepa na kukatwa kwa mkasi butu.

Ukishaziona hesabu hizi mbili hutababaika tena. Ukingo mweusi maana yake faili lililozidishwa limechukuliwa kuwa nyoofu. Ukingo mweupe wa ngazi maana yake ni kinyume chake. Dawa haihitaji kurenda upya. Programu kubwa za uhariri zina mahali pa kueleza jinsi alfa ya faili inavyopaswa kusomwa, kwa kawaida ndani ya sifa za faili lenyewe. Unabadilisha chaguo moja, utando unatoweka. Utando ule wa kwaya ulitokana na tatizo jingine nitakalolieleza sasa hivi, lakini mara ngapi nimeona mtu akifuta kazi nzima na kuianza upya kwa kosa lililohitaji sekunde tano!

Njia za wasio na chombo

Si kila mtu ana programu inayotoa alfa. Vijana wengi wanaofanya kazi nzuri huhariri kwa simu, na programu nyingi za simu hutoa MP4 tu. Kwao ziko njia tatu. Kila moja ni namna ya kuificha taarifa ya uwazi ndani ya picha isiyo na nafasi yake, na kila moja inatoza ushuru.

Njia ya kwanza ni rangi ya kijani nyuma ya maandishi, kisha kuifuta kwenye uhariri. Ni maarufu kwa sababu ni rahisi. Ushuru wake hulipwa ukingoni. Pikseli yenye alfa ya 0.4 sasa imechanganywa na kijani kwa asilimia 60, na programu lazima ikisie kiasi gani ni herufi na kiasi gani ni kijani. Tatizo linazidishwa na MP4 yenyewe. Ili kupunguza uzito, video ya kawaida huhifadhi mwanga kwa ukamilifu lakini rangi kwa robo tu: katika fremu ya 1920 kwa 1080, ramani ya rangi ni 960 kwa 540. Unamtaka mtu akate kwa kufuata rangi wakati rangi ndiyo iliyochorwa kwa kalamu nene. Kivuli laini juu ya kijani ni shida zaidi, na herufi zenye kijani ndani yake zinatoboka. Anayelazimika kuitumia njia hii atumie herufi nene, aachane na vivuli, na achague rangi ya nyuma iliyo mbali na rangi za maandishi yake.

Njia ya pili ni kuuacha weusi kama ulivyo na kubadilisha namna tabaka linavyochanganywa, kwa kutumia chaguo liitwalo skrini. Kwa hesabu yake weusi hauongezi kitu na weupe unabaki weupe. Maandishi meupe, ya dhahabu, cheche na miale ya mwanga hukaa vizuri kwa njia hii, mara nyingi vizuri kuliko kwa kijani. Lakini herufi nyeusi zinatoweka, vivuli vinatoweka, na maandishi juu ya anga jeupe hayaonekani kabisa. Skrini huongeza mwanga tu, haijui kufunika.

Njia ya tatu inaheshimika zaidi na watu wachache wa simu wanaijua: kutoa video mbili. Moja ina maandishi kwa rangi zake, nyingine ina umbo lilelile kwa nyeupe na nyeusi, ambapo nyeupe inasema "funika", nyeusi inasema "acha", na kijivu kinasema "kiasi". Kwenye uhariri unaiambia programu itumie mwanga wa video ya pili kama alfa ya video ya kwanza. Ni zile tepe mbili za filamu zimerudi. Ndivyo vituo vya televisheni vilivyozoea kupeleka michoro kwenye mitambo ya kurushia, kwa waya mbili, mmoja wa rangi na mmoja wa umbo. Kwa kuwa umbo linasafiri kama mwanga na si kama rangi, MP4 hailiharibu sana: lile punguzo la robo haliligusi. Ushuru wake ni kazi maradufu, na ulazima wa video zote mbili kuanza kwenye fremu ileile.

Usiku ule wa kwaya nilitumia njia ya kufuta weusi kana kwamba ni kijani. Herufi zilikuwa na vivuli, na vivuli vilikuwa vyeusi. Programu haikuweza kutofautisha kivuli na utupu, ikala baadhi na kuacha baadhi. Hapakuwa na ustadi ambao ungeniokoa, maana taarifa niliyokuwa nikiitafuta haikuwamo tena ndani ya faili.

Njia ya kutotoa kabisa

Kuna wanaosema swali lote hili limepitwa na wakati. Kwa nini utoe video ya maandishi, ilhali unaweza kumpa mhariri maandishi yenyewe yakiwa hai? Tangu 2017 Adobe ina violezo vya michoro vinavyofunguka ndani ya Premiere, na mhariri anaweza kubadilisha jina bila kumrudia mchoraji. DaVinci Resolve na Final Cut zina mifumo yake ya namna hiyo.

Hoja hii ina nguvu, hasa kwetu. Jina moja la Kiswahili lina namna nyingi za kuandikwa: Khadija na Hadija, Zuhura na Zuhra, Jacob na Yakobo. Katika video ya msiba au ya harusi, herufi moja iliyokosewa ni jeraha ambalo familia itaishi nalo miaka. Maandishi yaliyo hai hurekebishwa kwa dakika. Yaliyotolewa kama video yanahitaji kumwamsha mchoraji, kurenda, kutuma na kupakua tena.

Lakini kiolezo nacho hudai mengi. Kinadai programu ileile, mara nyingi na toleo lisilopishana sana. Kinadai fonti ileile iwe kwenye kompyuta ya mhariri; isipokuwepo, maandishi yanabadilika sura bila ruhusa ya aliyeyabuni. Faili lenye alfa halidai lolote kati ya hayo. Mchoraji anaweza kuwa Dar es Salaam kwenye Blender, mhariri akawa Muscat kwenye Final Cut, na picha ikafika kama ilivyoondoka. Kwa hiyo natenganisha hivi: majina yanayoweza kubadilika yakae hai pale wawili wanapotumia programu moja, nembo, vichwa vya vipindi na michoro iliyokubaliwa isafiri kama video yenye alfa.

Makabidhiano

Makosa mengi niliyoyaona hayatokei kwenye kuchora wala kwenye kuhariri. Hutokea kati ya mkono na mkono. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na nyufa za kazi hii zinajulikana.

Wa kwanza ni idadi ya fremu. Televisheni zetu zimerithi fremu 25 kwa sekunde, simu nyingi hurekodi 30. Maandishi ya fremu 30 yakiingizwa kwenye kazi ya 25, kila fremu ya sita hutupwa. Picha ya mtu anayeongea huvumilia hilo. Jina linaloteleza kutoka kushoto kwenda kulia halivumilii, linakwama kwama. Uliza kabla ya kuanza.

Wa pili ni njia ya kutuma. Video ikitumwa kwa WhatsApp kama video, hubanwa upya, na lolote lililokuwemo la thamani huondoka. Itumwe kama hati, au ipandishwe mahali pa kuhifadhia mafaili na kiungo kitumwe. Folda ya PNG ifungwe kwanza kuwa faili moja ili isipungue njiani.

Wa tatu ni kutopima. Kabla ya kutuma, lifungue faili ulilolitoa, si kazi lilikotoka, uliweke juu ya mandharinyuma tatu: nyeupe, nyeusi, na video halisi yenye mwendo. Nyeupe itafichua wanja, nyeusi itafichua ukingo uliounguzwa, na video itafichua kukwama. Kuza ukingo wa herufi moja hadi asilimia 400 uutazame. Kazi yote haizidi dakika mbili.

Wa nne ni ukimya. Faili lisindikizwe na maneno machache: kodeki gani, fremu ngapi, ukubwa gani, alfa nyoofu au iliyozidishwa. Ujumbe wa mstari mmoja ungeniokolea usiku mzima.

Baada ya miaka ya kujaribu, msimamo wangu ni huu. Kwa makabidhiano kati ya mafundi, ProRes 4444 ikiwezekana. Umeme ukiwa wa kukatika au programu zikiwa hazielewani, PNG. Kwa mubashara na mtandao, WebM. Kwa simu, video mbili za rangi na umbo kabla ya kijani. Vyombo hivi vitabadilika, vingine vitasahaulika kama kopo la filamu, lakini kanuni iliyo chini yake haitabadilika: taarifa ya uwazi ibaki na picha mpaka siku picha inapokamilika, na isitupwe hata hatua moja kabla.

Kwaya ile ilirekodi tena miaka miwili baadaye. Safari hii niliomba maandishi mapema, nikataja fremu 25, nikataja alfa nyoofu, na folda ya PNG ikaja imefungwa vizuri. Katika wimbo wa tatu jina linapita mbele ya joho jeupe la mwimbaji wa solo, kivuli chake laini kimelala juu ya kitambaa, na kupitia kivuli hicho mikunjo ya joho inaonekana yote.